Kiangazi Tulichoitika Jina la Kemilembe

Harufu ya kahawa inayoanikwa ndiyo hunirudisha kule. Siyo ya kikombeni. Nasema ile ya kahawa mbivu, nyekundu, inayomwagwa juu ya jamvi juani mpaka inaanza kuchacha na kunuka kama ndizi iliyosahauliwa kwenye kapu. Kila kiangazi kijiji chetu cha Kagoma kizima kilinuka hivyo. Ukienda shule ulipita jamvi baada ya jamvi, huku kuku wakifukuzwa, na bibi mmoja akikugombeza usikanyage kahawa yake wakati hata hujaikaribia. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la saba, msichana mwenye miguu mirefu na ndoto nyingi kuliko madaftari, na kiangazi hicho kulikuwa na harufu nyingine iliyochanganyika na ya kahawa: majani mabichi yanayotandazwa sakafuni kwenye nyumba za msiba. Ugonjwa ulikuwa umeingia. Karibu kila wiki tulizika. Watu wazima walishusha sauti wakiutaja, lakini sisi watoto tuliijua nyumba ulimoingia kwa kuangalia tu ni nani ameacha kuanika kahawa.

Mwalimu wetu wa darasa, Mwalimu Adelina, ndiye aliyetufundisha Kiingereza, na kwa sababu hiyo alikataa katakata tuitike mahudhurio kwa Kiswahili. Ukisikia jina lako ilikuwa lazima usimame wima, mikono ubavuni, useme, "Present, madam." Hilo lilikuwa neno la kwanza la Kiingereza nililolihesabu kuwa langu. Sikujua kuunga sentensi mbili za lugha ile, lakini hilo nililitamka kwa mbwembwe zote, na nyumbani nilimwitikia nalo kila mtu. Mama akiniita, "Asimwe!" nikiwa bado nazubaa kisimani, nilipaza sauti, "Present, madam!" naye alinijibu kutoka juu kwenye kibanja, katikati ya migomba yake, "Present yako ije na maji!"

Kwenye dawati langu nilikaa na msichana mwenzangu, Kemilembe. Alikuwa na tabia ya kucheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, na hesabu alizifanya haraka mpaka tukadhani anaziota usiku. Baba yake tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Kaka yake alikwenda kisiwani Bumbire kuvua, na habari zake zilikuja mara chache, zikifuatana na samaki wakavu wawili watatu. Kiangazi kilipoanza, mama yake naye akaugua, akalala. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine wa kumwosha wala wa kumpikia uji. Siku ya kwanza Kemilembe alipokosekana nilimwekea nafasi kwenye dawati. Wiki ya pili bado nilikuwa naikalia nusu yangu tu, kama mjinga.

Ndipo mwalimu mkuu akaingia darasani na kalamu nyekundu mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema mwanafunzi yeyote wa darasa la saba atakayekosekana mwezi mzima mfululizo, jina lake litakatwa, wala halitapelekwa Bukoba pamoja na majina ya watahiniwa. Hakumtaja mtu, lakini macho ya darasa zima yalihamia kwenye ile nusu tupu ya dawati langu. Kukatwa jina darasa la saba ilikuwa ndiyo mwisho. Hakuna mwaka mwingine, hakuna mlango wa nyuma. Kemilembe alibakiwa na wiki mbili.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtatuelewa. Kijijini kwetu kulikuwa na chama cha kuzikana. Mtu akifariki, kila nyumba ilitakiwa kufika, na katibu wa chama alisimama na daftari lake akiita nyumba moja baada ya nyingine. Nyumba isiyoitika ililipa faini. Lakini hakuna aliyedai aje mwenye nyumba mwenyewe. Kama mama yuko na mgonjwa, mtoto aliitika; kama nyumba nzima ni wagonjwa, jirani aliitika kwa niaba yao, na katibu akaandika kwamba wamefika. Ila aliyeitika alibeba na kazi ya nyumba ile: mkungu wao wa ndizi, kuni zao, zamu yao ya jembe kaburini. Nilikwenda mara nyingi kumwakilisha mama. Kwa akili yangu ya miaka kumi na mitatu, daftari ni daftari. Lililofaa kwa wafu, niliona, linafaa pia kwa walio hai.

Jumatatu Mwalimu Adelina aliita majina. Alipofika kwa Kemilembe alikuwa tayari anashusha kalamu kuandika alama ya utoro. Nikasimama. "Present, madam."

Mwalimu aliinua uso taratibu. "Asimwe, tangu lini umekuwa Kemilembe?"

"Sijawa, madam. Namwitikia. Anamuuguza mama yake."

Darasa likacheka, naye akapiga meza. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake kila tulipoharibu Kiingereza, akatoa kamusi kwenye mkoba. Ilikuwa kamusi nene aliyoinunua Bukoba kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka lake ahame. Akatusomea maana za neno lile, akizitafsiri moja moja: kuwapo mahali, wakati huu tulio nao, na zawadi. Deusi, ambaye mama yake alimzaa njiani akikimbia vita kutoka upande wa mpakani, na ambaye tangu hapo hakuwahi kuogopa kitu, akanyoosha mkono. "Madam, hiyo ya zawadi tupe sisi. Hizo mbili mwandikie Kemilembe."

"Kaa chini! Kuwapo ni mwili wako uwe humu ndani, nikuone."

"Basi, madam," akasema Deusi, "mbona Projesti anakoroma humu kila siku na anaandikwa yupo?"

Hata Projesti alicheka, alipoamshwa. Mwalimu hakucheka. Alisema kuanzia siku hiyo atakayemwitikia Kemilembe atapata adhabu mara mbili, yake na ya Kemilembe: madebe mawili ya maji kutoka bondeni kumwagilia miche ya kahawa ya shule. Hakujua kwamba alikuwa ametupa utaratibu uleule wa chama. Aliyeitika alibeba na kazi ya nyumba ile, ndivyo tulivyolelewa. Nikabeba madebe yangu mawili nikiimba. Jioni nikaenda kwa Kemilembe na daftari, nikamsomea masomo yote ya siku ile, naye akayanakili akiwa ameketi kwenye kivuli cha migomba, karibu na mkeka wa mama yake, mkono mmoja ukiandika na mwingine ukifukuza nzi.

Kesho yake akaitika Deusi. Siku iliyofuata wakaitika watu wawili kwa pamoja, wakagombana nani ana haki. Tukapanga zamu. Kila asubuhi mmoja wetu alikuwa Kemilembe, kila mchana alipanda mlima na maji, na kila jioni alipeleka daftari na kurudi na lingine lenye hesabu zilizokwisha kufanywa. Mwalimu Adelina alizidi kununa. Lakini mimi niliyekaa dawati la mbele niliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Majina ya wengine aliyawekea alama kwa wino. Alama za utoro za Kemilembe aliziandika kwa penseli.

Siku ya zamu ya Projesti, mwalimu alimfuata nyuma bila yeye kujua, mpaka kwa kina Kemilembe. Nilikuwa nimetangulia pale kuteka maji, nikamwona akitokea kati ya migomba na viatu vyake vya shule vikiwa na vumbi. Mama yake Kemilembe alijaribu kuinuka akashindwa. Alikuwa amekonda, amebaki macho. "Waitu, mwalimu," akasema, kwa lile neno letu la heshima, "umekuja kunichukulia mtoto?"

"Hapana, mama. Nimekuja kusahihisha."

Akavuta kigoda, akaketi, akatoa kalamu. Alisahihisha daftari lile ukurasa kwa ukurasa, hana haraka. Alipomaliza alimgombeza Kemilembe kwa kosa moja la kugawanya, kama alivyotugombeza sote, na mabega ya Kemilembe yakaanza kupanda na kushuka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu kiangazi kianze.

Mwezi ulipotimia mwalimu mkuu alikuja na kalamu yake. Akaomba daftari la mahudhurio, akaita majina mwenyewe. "Kemilembe." Zamu ilikuwa yangu, nikasimama. Halafu nikasikia dawati la nyuma likikwaruza, kisha lingine, na darasa zima likawa wima, watoto arobaini na kitu. "Present, sir!" Sauti ilikuwa kubwa mpaka darasa la sita walichungulia dirishani. Mwalimu mkuu akawaka. Akageuka kumwambia Mwalimu Adelina atuletee fimbo, akamkuta naye amesimama, mikono ubavuni, kama mtoto wa shule.

"Present, sir," akasema Mwalimu Adelina.

"Mwalimu, hata wewe?"

"Madaftari yake haya hapa. Hajapitwa na somo hata moja. Kama kuna wa kukatwa jina, anza na wanaolala humu ndani."

Mwalimu mkuu aliyachukua madaftari. Akayafunua moja baada ya jingine, sisi tukiwa bado tumesimama. Mwisho akafunika kalamu. "Siku ya mtihani nataka nimwone kwa macho yangu," akasema. "Asipokuja, mtanitambua."

Alikuja. Siku zote za mtihani akina mama wa chama walipeana zamu mkekani kwa mama yake, na Kemilembe aliingia chumba cha mtihani akinuka moshi wa kuni, akakaa, akafungua karatasi. Nisidanganye nikasema mambo yaliisha vizuri. Mama yake tulimzika kabla ya matokeo, na matokeo yalipotoka hakuna msichana hata mmoja wa darasa letu aliyechaguliwa kuendelea na sekondari. Nililia, maana nilikuwa nimeshajiona kwenye sketi ya sekondari. Kemilembe hakulia. Alisema wasahihishaji wa mtihani wamwambie kwamba hakufaulu, lakini asije mtu akamwambia kwamba hakufanya. Sasa yuko Bumbire, ananunua dagaa kwa wavuvi na kuwauzia wachuuzi, na wanaume wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, wanajua kwamba hesabu zake hazibishaniwi.

Mimi niko Bilele, hapa Bukoba, nauza nyuzi na vifungo kwenye kibaraza, karibu na fundi cherehani mmoja. Bado naota; safari hii naota cherehani yangu mwenyewe. Ugonjwa bado upo, na watu wamekuwa wepesi wa kumkatia mtu tamaa kuliko zamani. Zamani tulimwitikia mtu ambaye hayupo. Siku hizi mtu yupo, anapumua, anakusikia, na watu wanaanza kumwongelea kama marehemu kwa sababu suruali imemlegea. Wageni wanakuja na karatasi kutuuliza wangapi wamekufa, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni nani aliyesimama kumwitikia mwenzake. Fundi jirani yangu amekonda mwaka huu. Wiki iliyopita mteja mmoja, mama aliyevaa vizuri, alisimama kwenye kibaraza changu akamwangalia fundi akikohoa juu ya cherehani, kisha akaniinamia na kunong'ona kwa huruma, "Masikini. Alikuwa fundi mzuri sana yule."

"Ni fundi mzuri sana," nikamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Na gauni lako amelimaliza tangu jana. Nenda kalichukue mikononi mwake, na umsalimie kwa jina."

Akaenda.