Pete Ndani ya Ugali

Januari ile ya baada ya uchaguzi naikumbuka kama mlima unaoonekana kupitia moshi. Kitale ilikuwa imefungwa: benki, maduka, hata kanisa letu. Mashambani mabua ya mahindi yalichomwa kama mwaka wowote, na harufu yake ilichanganyika na ya vitu vingine vilivyoungua. Sikujua tena ipi ni ya amani na ipi ya vita.

Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya kudunga ilikuwa karibu kwisha. Mahindi yetu tuliyauza kabla ya Krismasi, na pesa zote akazipeleka benki, kwa kuwa aliamini noti ikilala nyumbani huita wezi. Sasa noti zilikuwa zimelala huko salama kabisa, naye amelala hapa, anakunywa maji na kukojoa, anakunywa maji na kukojoa. Akiba haiozi, wanasema. Yetu haikuoza kweli, ila haikutoka.

Mama alikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, pete ya dhahabu aliyonunuliwa na baba mwaka mmoja mahindi yalipokubali. Tukasikia kwamba Bungoma kumetulia kidogo na kwamba duka moja la dawa pale Kanduyi limefunguliwa. Lakini njiani kulikuwa na vizuizi, na vijana walikuwa wakivua watu simu na saa. Basi alfajiri mama akasonga ugali mgumu wa safari, akaisukuma pete katikati, akaufunga kwa jani la mgomba. Nilicheka. Nilikuwa mwanamke mzima wa kuolewa, na nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha machozi yakakataa kukoma.

Tulipanda nyuma ya pikapu ya mtu wa maziwa. Ukungu ulikuwa bado chini, na miti ilitokea mmoja mmoja, ikatutazama, ikapotea. Nilihisi kama bado nimelala na mtu mwingine ndiye anayesafiri. Tulipopita Kiminini tukakuta gogo limelazwa barabarani, na vijana wamekaa juu yake.

"Mathe, umebeba nini hapo?" akauliza mmoja aliyeshika panga.

"Ugali tu, mwanangu."

"Si utupatie basi. Tangu jana hatujakula, bana."

Kwetu mgeni hapewi ukingo wa ugali. Ukingo huliwa na wenye nyumba. Mgeni humegewa katikati, palipo laini. Mama alilelewa hivyo, nami akanilea hivyo. Mkono wake ulifungua jani, ukamega katikati, ukampa yule wa panga, yote hayo kabla akili yake haijafika. Ilipofika niliiona usoni mwake.

Kijana alitafuna, akasimama, akatema pete kiganjani.

"Ati siku hizi mnapika ugali na chuma?"

Mwenzake akaichukua, akaigeuza. "Hii utauzia nani saa hii? Mathe, huna kredo ya simu? Noti je?"

"Sina, mwanangu."

Yule wa panga akaipangusa pete kwa shati lake, akamrudishia mama kwa mikono miwili, vile tunavyofunzwa kumpa mkubwa kitu. "Shika chuma yako. Ugali acha." Wakaondoa gogo. Mpaka leo sijui niwachukie au niwaombee, na nimefanya yote mawili.

Kanduyi, mwanamke mwenye duka alitutazama kupitia vyuma vya dirisha. "Dawa iko, mama, rakini mimi nataka pesa. Pete nitafanyia nini?"

Mama hakubembeleza. Aliiweka pete dirishani, akaketi chini kizingitini, akanyoosha miguu kama aliyefika kwake. Jua lilipanda. Watu walituruka wakiingia na kutoka. Mwishowe yule mwanamke akatoa chupa mbili ndogo, akaichukua pete bila kututazama. Nilipandwa na hasira. Nikasema kwa sauti kwamba huo ni wizi, kwamba pete ya bei ya ng'ombe imeenda kwa dawa ya bei ya kuku.

"Nyamaza," mama akasema, akizifunga chupa kwa kitambaa kibichi zisipate joto. "Kwani nimenunua chupa?"

Benki ilipofunguliwa, baba alichukua noti zake akaenda kuikomboa pete. Alirudi na noti zilezile. Pete ilikuwa imeshauzwa. Aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Kila jioni mama alimmegea katikati, na yeye aliliminya kila tonge polepole kwa kidole gumba kabla ya kuchovya.

"Unatafuta nini?" tulikuwa tukimtania.

"Mali ya mama yenu."

Siku hizi mama bado husonga ugali wa watu wawili. Yeye hula ukingo. Katikati hupoa kwenye sahani, na hata nikiwa mgeni wake hanimegei.