Finjani ya Limoges

Mimi ni muuguzi. Kwa mwaka wa tatu sasa namhudumia bibi mmoja nyumbani kwake hapa Doha, na sote tunaofanya kazi humo tunamwita Mama. Kiangazi kilichopita familia ilipokwenda Ufaransa kukimbia joto, nami nilichukuliwa. Binti yake aliniambia tungeshinda siku moja Limoges, mji ambao watu wake wametengeneza vyombo vya kauri tangu zamani. Nikasoma habari zake kwenye simu: kanisa kuu, daraja la mawe, makumbusho yaliyojaa sahani. Nilitaka kuona vyote.

Kumbe Mama alikuwa na lake. Kwenye mkoba, ndani ya shela, alikuwa amefunga finjani moja ya kahawa yenye ua la rangi ya waridi, kati ya kumi na mbili alizoletewa na mumewe walipooana, akiambiwa ni za Limoges. Moja ilikuwa imevunjika, naye alikuja kutafuta ya kuziba pengo.

Dereva alitushusha asubuhi. Binti akaenda zake, akisema tukutane saa kumi na moja. Nikabaki na Mama, kiti chake cha magurudumu, na mji wenye vilima ambao njia zake za kale zimetandikwa mawe. Kila hatua kumi gurudumu linanasa. Nikivuta, Mama analalamika mgongo. Nikisukuma, analalamika zaidi.

Duka la kwanza walituletea vikombe vyenye vishikio.

"Hivi ni vya chai," Mama akasema. "Mwambie, sista."

Nilimwambia muuzaji kwa Kiingereza, akanijibu kwa Kifaransa, Mama akanigombeza kwa Kiarabu. Duka la pili finjani zilikuwa kubwa mno. La tatu, ua lilikuwa jekundu badala ya waridi. Makumbusho tuliyapita nikiyatazama kwa jicho la pembeni. Kufikia duka la sita nilikuwa nimeloa jasho, na chakula changu cha mchana kilikuwa biskuti mbili nilizomega nikisukuma.

Muuzaji wa hapo alituelekeza kwenye karakana ndogo ya mama mmoja mzee anayechora maua kwenye sahani. Yule mchoraji alivaa miwani, akaigeuza finjani chini juu, akaisugua kwa kidole. Kisha akazungumza na simu yangu, nayo ikanitafsiria: haikutengenezwa Limoges. Haina alama, na ua halikuchorwa kwa mkono, limebandikwa.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

Siku nyingine ningetafuta maneno laini. Siku ile mabega yalikuwa yanawaka moto.

"Anasema si ya hapa, Mama. Ni ya kuiga."

Akanyoosha mkono, akaichukua finjani yake. Niliona kidevu kinatetemeka, nikaanza kujilaumu na kumpima mapigo ya moyo. Kumbe alikuwa anacheka.

"Mume wangu yule, mwongo!" akasema, akifuta machozi. "Aliniapia kwamba alikuja kuzinunua mwenyewe. Na siku zile alikuwa hajapanda hata ndege!"

Mchoraji naye akacheka bila kuelewa. Mama akaifunga finjani yake kwenye shela. "Yalla, sista. Turudi kwenye gari."

"Mama," nikasema, na sauti ilitoka kali kuliko nilivyotaka, "mimi sijaona chochote."

Akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona tangu asubuhi. "Basi nipeleke unakotaka."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Nilimsukuma mbiombio kuelekea kanisa kuu, mawe yakimrusha, naye safari hii hakulalamika hata kidogo. Tulifika uwanjani. Nikainua macho kuutazama mnara, na simu ikalia. Binti aliuliza tuko wapi, gari limeegeshwa pabaya, tuje sasa hivi. Nikapiga picha moja. Nilikuwa nimeshaanza kugeuza kiti, ikatoka na ukungu.

Ijumaa ya kwanza baada ya kurudi Doha, ambako tunasali siku hiyo, wenzangu wa kanisani mtaa wa Mesaimeer walinizunguka kutaka picha. Nikawaonyesha hiyo, na nyingine kumi na saba za vikombe, ambazo Mama alikuwa ameniagiza nizipige ili alinganishe.

Sasa wageni wakija, Mama huwaandalia kahawa katika zile kumi na moja na kuwaambia ni za Limoges, alikwenda mwenyewe akahakikisha.

"Au siyo, sista?" huniuliza mbele ya watu.

"Ndiyo, Mama," humjibu, nikiwa nimeuma meno.