Kikombe cha Maji ya Ziwa

Msomaji wangu, juma hili nimetoka Liuli kumzika rafiki, mtafiti wa vimelea, aliyeanguka ghafla kazini kwa shinikizo la damu. Nimerudi Mbinga na huzuni, ila hasira imeizidi, nami sitaificha.

Kaka yake alikufa kwa kipindupindu wangali watoto, na ndiyo sababu akaenda kusomea bakteria. Alichochunguza ni vipande vidogo mno vya RNA, molekuli iliyo jamaa ya DNA, vilivyomo ndani ya bakteria wa ugonjwa huo. Havijengi kitu, alinieleza, kazi yake ni kuamuru: jeni hii inyamaze, ile iamke. Kwa amri hizo, kimelea aliyetulia majini hubadili mwenendo aingiapo tumboni mwa mtu. Likizo moja aliwaeleza hayo wanawake wa ufukweni kwao Liuli, kwa urefu wa kuchosha, maana kufupisha hakujua. Mama yake mkubwa, aliyemlea, akamkatiza na kuuliza mdudu mwenye akili hivyo watamweza wapi. "Akishaingia ni shida, mama," akajibu. "Mmalizeni kwenye sufuria." Wote wakakubali. Na kweli, pale maji yanachemshwa. Tatizo ni kwamba yakishapoa huongezwa kikombe cha maji mabichi ya ziwa, kwa kuwa ya kuchemsha, wanasema, hayana ladha. Rafiki yangu aligombana na kikombe hicho hadi akaitwa mwenye maringo ya mjini.

Msibani, wasemaji walipokezana kusifu shahada zake. Hakuna aliyetaja maji. Wakati huohuo mama mkubwa, macho yamemvimba kwa kulia, alichota kikombe cha maji ya ziwa akamimina kwenye ndoo ya waombolezaji. Nilipomshika mkono alisema, "Ndiyo maji yetu, baba. Hata marehemu amekulia haya." Nikamuuliza, "Na kaka yake, mama?" Nikaimwaga ndoo nzima. Watu wakanong'ona kwamba sina adabu, nakubali, sina. Lakini baadaye mama mkubwa mwenyewe aliinuka, akachochea moto, akateleka maji upya, na watu wakayanywa yakiwa vuguvugu huku wamenuna. Tunajua sana kulia katika nchi hii, na msomi akifa tunamlilia vizuri kuliko tulivyomsikiliza. Machozi hayachemshi maji. Maji huchemshwa kwa kuni.