Kichwa Kikavu Mjini Lindi

Niliondoka Masasi kwa sababu nilichoka kuulizwa swali nisilokuwa na jibu lake. Mume wangu Issa alikamatwa na askari wa Mjerumani wakati wa vita vya Maji Maji, akatwishwa mzigo, akapelekwa pwani. Vita vikaisha, njaa ikaja ikapita, Issa hakurudi. Huyu aliniambia amekufa. Yule aliniambia yuko kaskazini anajenga reli, na amenenepa! Mimi nikawa si mke, si mjane. Kama yu hai, nimngoje. Kama amekufa, nikae eda, niimalize, niishi. Nilitaka neno moja tu.

Kwetu Wayao, mume akiwa safarini mke hapaki mafuta kichwani. Akipaka, mwenziwe atapatwa na mabaya njiani. Basi tangu Issa achukuliwe sikugusa mafuta, na nywele zangu zilikuwa kama nyasi za kiangazi. Wifi yangu Mama Saidi, dada yake Issa, hakuacha kunitania: "Wifi, usiinamie moto, utatuunguzia nyumba!" Lakini ndiye aliyenihimiza niende. Alimshika mkono binti yangu Zuhura, akasema, "Nenda kaniletee kaka yangu. Ukimkosa, niletee habari yake."

Mjomba Bakari, ndugu wa mama yangu, alikubali kunisindikiza. Ujanani alikwenda Lindi na misafara ya pembe, kwa hiyo mpango wote ulikuwa wake. Tungeingia Alhamisi na kutoka Jumatatu. Ijumaa msikitini, Jumamosi sokoni, Jumapili bomani, kila mahali tukiulizia.

"Lindi ni mji wa miguu," alisema. "Ukisimama msikitini, kila kitu kiko hapo hapo. Naujua nje ndani."

Nikamwamini. Ningefanyaje?

Tulifuata bonde la Lukuledi. Mashamba mengi yalikuwa yamerudi kuwa pori, na vijiji vingine vilibaki mafiga matupu. Nyangao tulilala kambi ya wasafiri karibu na mto. Nikaoga, nikasonga ugali, Mjomba akanisimulia jinsi alivyowahi kumkimbia nguruwe akidhani ni simba. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Katika safari nzima, hapo ndipo nilipolala vizuri.

Alhamisi jioni tuliingia Lindi. Mwenyeji wetu, Bi Mwanaisha, ni mjane aliyekuwa akiwapokea watu wa bara tangu enzi za misafara. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi." Alinitazama kichwani kabla ya kuitika. "Marahaba, mwanangu. Pole sana. Mungu akupe subira." Nikadhani ananipa pole ya njia.

Ijumaa, Mjomba alipoingia msikitini, nilimngoja upande wa pili wa barabara. Ushungi wangu uliponiteleza, wanawake wawili wakasimama. "Pole na msiba, dada," mmoja akasema, na mwenziwe akanishika bega. Msiba! Kumbe wanajua! Nikaanguka chini nikalia, nao wakalia nami. Nilipoweza kusema nikauliza, "Mlimzika wapi?"

Wakatazamana. "Tumzike nani?"

"Issa!"

"Issa gani, dada?"

Waliondoka haraka, wakigeuka kunitazama. Nilibaki pale sijui nifute machozi au niendelee kulia. Mjomba alipotoka alisema hakuna aliyemjua Issa humo ndani.

Jumamosi ndiyo ilinimaliza. Mjomba alinipitisha njia zake za mkato, na kila moja ilitufikisha kwenye ukuta ule ule mweupe, na askari yule yule akatufukuza.

"Mjomba, hapa tumeshapita."

"Hatujapita! Huu mji umehama!" Alikuwa anatokwa jasho, maskini. "Hapa palikuwa na kisima. Nani ameondoa kisima?"

Mgeni kipofu, angawa na macho. Sokoni, tulipofika hatimaye, muuza pweza alinipa pole, kisha mama mmoja akanifokea mbele za watu: "Mwenye eda unazurura barabarani? Huna haya?" Eda? Nani kaniweka eda? Mji mzima unaniambia mume wangu amekufa, na hakuna hata mmoja anayemjua! Nilihisi nitapata wazimu.

Jumapili tulikwenda bomani, tukakuta lango limefungwa. "Leo mabwana wanapumzika," askari akatuambia.

Mjomba akaduwaa. "Serikali nayo inapumzika?"

"Nenda zako, mzee!"

Jioni ile Bi Mwanaisha aliniketisha uani, akaleta kibakuli cha mafuta ya nyonyo. "Mwanangu, eda yako itakwisha lini? Siku ikifika, nipe heshima nikusuke mimi."

Hapo nikapasuka. Nikamweleza mwiko wetu wote. Yeye akashika mdomo. "Ya Allah! Huku kwetu mwanamke asiyepaka mafuta ni mwenye kufiwa. Sisi sote tulikiona kichwa tu!"

"Kwa hiyo hamjui kama amekufa?"

"Hata kumjua hatumjui!"

Nilicheka, jamani. Nilicheka kama mwendawazimu. Issa wangu alikuwa amefufuka. Mjomba naye akacheka, na tukala samaki kwa furaha siku ile.

Jumatatu asubuhi, tukifunga mizigo, mtu mmoja alibisha hodi. Alichechemea, na alisema jina lake ni Hassani, mchukuzi wa bandarini.

"Asubuhi hii Bi Mwanaisha amesimulia sokoni kuwa kuna mwanamke wa bara mwenye kichwa kikavu, na hana eda," akasema. "Ndiwe mke wa Issa?"

Mjomba akajibu kwa niaba yangu.

"Tulifungwa kamba moja," Hassani akasema. "Kila tukichoka, Issa alituambia, 'Mimi nitafika na nitarudi. Kwetu kuna kichwa kikavu.' Tulimcheka mwanzoni. Mwishowe sote tulikuwa tukilisema neno hilo." Akatazama chini. "Tumbo lilimshika kule Nyangao. Tulimzika kambini, karibu na mto, chini ya mkwaju. Unisamehe, shemeji. Sikujua nyumbani kwenu ni wapi."

Nilimwamini, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya Issa mwenyewe. Na nikamkasirikia Issa, na mwiko, na nywele zangu. Nilikikausha kichwa hiki kwa nini basi? Nilimuuliza Mjomba. Akanifunika ushungi kichwani, akafunga mizigo iliyobaki.

Tulirudi kwa njia ile ile. Nyangao mkwaju ulikuwapo. Mafiga yetu yalikuwa hatua chache kutoka pale. Mjomba alisoma Fatiha, nami niliweka kiganja ardhini, nikamwambia Issa kwamba binti yake anajua kutwanga.

Masasi tulifika mchana. Mama Saidi alitoka mbio kutulaki, Zuhura nyuma yake. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakanipotea nilipomwona: kichwa chake kilikuwa kikavu, kimejaa vumbi.

"Usinishangae," akasema akicheka. "Na wewe ulikuwa msafiri, au sivyo? Nani angekukalia kichwa kikavu? Umerudi salama, mwiko umefanya kazi!" Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mafuta, akaniketisha kigodani, akaketi chini kati ya magoti yangu. "Nipake, wifi. Kinawasha hiki."

Nikampaka. Taratibu, fungu kwa fungu, mpaka nywele zikang'aa. Aliongea muda wote, habari za kuku, habari za majirani, wala hakuniuliza la kaka yake. Nilipomaliza alichukua kibuyu, akageuka.

"Haya, zamu yako."

Nikaushika mkono wake. "Mimi bado, wifi," nikasema. "Mimi sasa ndiyo naanza eda."

Kibuyu kikamponyoka, na mafuta yakamwagika yote mchangani.