Ngazi ya Ishirini

Daftari langu lilikamatwa kwenye kizuizi cha mgambo, saa nne asubuhi, nikikaribia Bukoba kwa basi kutoka Muleba. Miaka ile mpaka wa Uganda haukuwa shwari, na mtu mwenye karatasi zisizoeleweka alishukiwa. Waliniteremsha, basi likaondoka. Ofisini kwao kamanda alifungua daftari akakuta kurasa kumi na moja za namba tupu.

"Mwalimu, hii thelathini na mbili ni askari au magari?"

"Ni sauti, afande. Ni nyimbo."

"Huko shuleni kwake hesabu wanaimba," alisema mwenzake mlangoni.

Nyimbo zilikuwa za mzee mmoja wa Kashozi, mpiga enanga, ala ya nyuzi saba juu ya gogo lililochongwa. Nilimtembelea kila likizo. Do-re-mi niliyofundishwa misheni haikumtosha, kwa sababu sauti yake moja ilikaa kati ya mi na fa. Nikiandika mi alicheka, nikiandika fa alicheka zaidi. Ndipo nikaigawa oktavu, ile nafasi ya kutoka do ya chini hadi do ya juu, katika ngazi hamsini na tatu zilizo sawa. Nilizikokotoa kwa majedwali ya logi, nikazitia alama kwenye ubao wenye waya mmoja. Mi ilianguka kwenye kumi na saba, fa kwenye ishirini na mbili. Sauti ya mzee ilikuwa ishirini.

Maneno sikuandika. Mzee alikuwa amepiga enanga kwa mukama, mtawala wetu wa jadi, na utawala huo ulipofutwa baada ya Uhuru aliacha kuimba mbele za watu. Sifa za mukama zingemletea maswali. Aliniruhusu sauti peke yake. Sasa nikieleza namba, namtaja yeye. Nisipoeleza, mimi ni jasusi.

"Basi imba," kamanda alisema.

Nilishika ukingo wa meza. Sauti ya kwanza ilitetemeka hadi nikairudia. Nilipokaribia ishirini niliwaza kuipandisha iwe fa, wimbo usitambulike. Koo lilikuwa limezoea. Likaitoa kama ilivyo.

Kamanda, Mhaya mwenye mvi, aliacha kufunua kurasa. Midomo yake ilisogea ikitafuta maneno, kisha akamtuma mwenzake nje akaangalie barabara.

"Hapo ni mtu mmoja tu aliyekuwa anapavunja hivyo," alisema kwa Kihaya. "Nilidhani amekufa."

"Amekufa, waitu," nilijibu, kwa lile neno letu la heshima.

Alifunga daftari, akalisukuma kwangu.

"Nenda. Lakini mimi si peke yangu mwenye masikio. Mwingine akikusimamisha akaisikia, hatakuuliza kama amekufa. Atakwenda kuangalia."

Nilifika Kashozi alasiri, sehemu kubwa ya njia nikiwa kwa miguu, nikigeuka nyuma kila niliposikia gari. Nilimweleza mzee yote, hata uongo kwamba amekufa.

"Uliandika vizuri mno, mwana wange."

"Nilichome daftari, Tata?"

"Kamanda ameliona. Akiliulizia likakosekana, utasema nini?"

Alivuta enanga kutoka nyuma ya mlango, akalegeza nyuzi, akaanza kuzikaza upya. Alipomaliza aliniambia nipime. Niliweka ubao wangu kando yake, nikapima mara mbili. Ile ishirini ilikuwa imeshuka hadi kumi na nane. Nyingine zote zilikuwa zimehama, kila moja kidogo.

"Wakija na daftari lako, watanikuta hivi," alisema.

"Na ile ya zamani?"

"Usiniombe tena."

Akaanza wimbo uleule kwa nyuzi mpya. Mara mbili kidole chake kilisita, kama cha mtu anayejifunza. Sikuandika kitu. Nilikuwa nasikiliza njia inayoingia migombani.