Efendi Anaonja

Viatu vya kwanza kuvaa maishani mwangu vilikuwa vya Serikali, na vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Ilikuwa kambini nje ya Nakuru, asubuhi ya baridi ya kukata masikio. Koplo wa stoo alinitazama akasema, "Jeshi halina kiatu kibaya. Kuna miguu mibaya tu." Nilichechemea hivyo hivyo mpaka nikampata kuruta mwenzangu mwenye viwili vya kulia. Aliitwa Kibet, kijana wa shamba la Mzungu upande wa Kariandusi. Tukabadilishana kimoja kimoja. Urafiki wetu ulianzia miguuni.

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili. Lakini nasema bila haya: wengi walionizidi kalamu niliwaacha nyuma. Nikawa koplo, nikawa sajini, nikafundisha kwata mpaka vumbi la uwanja likaijua sauti yangu. Miaka ya hamsini ikielekea mwisho, nikapewa cheo cha efendi. Siku hizi kila bawabu wa Milimani mnamwita afande. Neno ni lile lile, ila sisi tuliolivaa begani tulikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Efendi alikuwa ofisa, mwenye platuni yake. Lakini hakuwa ofisa kama Mzungu.

Hilo nilielezwa tulipopelekwa ng'ambo, kisiwa cha Morisi, kulinda kambi katikati ya mashamba ya miwa. Meja wetu, mtu mrefu aliyesema Kiswahili kama anayetafuna mfupa, aliniita.

"Efendi, mesi ya maofisa ni ya Wazungu."

"Ndiyo, Bwana Meja."

"Na mesi ya masajini umeshaitoka. Ofisa hali pamoja na watu wake."

"Sasa nitakula wapi?"

"Hemani kwako. Chakula kitaletwa."

Mesi, kwa wasiojua, ni nyumba ya kulia ya watu wa cheo kimoja. Mimi sikuwa na yangu. Nikala peke yangu, na kwetu anayekula peke yake ni mgonjwa au mchawi. Platuni ikaanza kunong'ona kwamba nimekuwa Mzungu mweusi. Nikitoa amri wanatii, lakini kwa uzito, kama ng'ombe wanaopelekwa joshoni. Hapo niliogopa. Askari anayekutii kwa mdomo atakuacha siku ya hatari.

Kibet, wakati huo sajini wangu, hakunong'ona. Alikuja mpaka mlangoni pa hema. "Efendi, hicho cheo begani kinazuia mkono kufika mdomoni?"

"Ni amri, Kibet."

"Amri ziko nyingi. Tafuta nyingine."

Nikatafuta. Ofisa wa zamu alitakiwa kuonja chakula cha askari kabla hawajala, ajue kama kimeiva. Maofisa Wazungu waliichukia kazi hiyo. Walichovya ncha ya kijiko wakaenda zao. Nikawaomba zamu zao, wakanipa kwa furaha. Basi kila mchana nikawa nasimama jikoni na platuni yangu, naonja ugali, naonja maharagwe, naonja nyama, halafu naonja tena. Kibet ndiye aliyenipakulia.

Siku moja Meja akatokea mlangoni. Sahani yangu ilikuwa imejaa kama mlima Longonot.

"Efendi, unaonja au unakula?"

"Naonja, Bwana Meja. Ladha bado haijafika."

Mpishi alibaki ameshika mwiko hewani. Meja akaitazama platuni, akanitazama mimi. "Endelea mpaka ifike," akasema, akaondoka. Tangu siku hiyo, kila platuni ilipoitwa kula, hakukosa wa kuuliza, "Ladha imefika?"

Kisha ikaja tufani. Ilianza mchana, tumemaliza kula, nasi tukajificha katika ghala la mawe. Miwa ililala chini kama nywele zilizochanwa. Mjumbe akafika amelowa: nyumba za wakata miwa zimeanguka, watu wamo ndani, Efendi atoke na watu wake. Nilijua sasa itajulikana kama mimi ni ofisa au ni nguo tu. Sikupiga kelele, maana upepo ungeimeza sauti. Nilifungua mlango nikatoka. Nilipogeuka, Kibet alikuwa nyuma yangu, na nyuma yake platuni nzima, wameshikana mikanda.

Tulitoa watoto, tukatoa wazee. Kibet alikuwa amebeba bikizee mgongoni wakati bati liliporuka kutoka upande wa miwa likampata shingoni. Bikizee alipona.

Kibet tulimzika kule kule. Baada ya maziko Meja alinisogelea, kofia mkononi. "Efendi, leo njoo ule mesini kwetu."

"Asante, Bwana Meja. Leo nina zamu ya kuonja."

Nilistaafu mwenyewe, bila kufukuzwa. Nikajenga kinu cha posho, nikajenga nyumba za kupangisha mtaa wa Kaptembwo, na meza yangu leo inakalisha watu kumi. Hayo yote najivunia, na atakayechukia achukie. Lakini kuna moja liko juu ya yote hayo.

Tuliporudi kutoka ng'ambo nilikwenda Kariandusi mwenyewe, nimevaa magwanda kamili, kumwona mjane wa Kibet. Hakuuliza habari za tufani. Hakuuliza habari za kaburi. Aliniuliza tu, "Shemeji, siku hiyo alikuwa amekula?"

"Alikula, shemeji," nikamwambia. "Tulikula pamoja."