Betri Ndani ya Chungu

Mume wangu ana gari dogo la rimoti analoliendesha Jumapili kwenye uwanja wa vumbi hapa Pasiansi, na wivu wangu wote wa ndoa umeishia kwenye betri zake. Hataki zikae zimejaa, hataki zikae tupu. Akimaliza kucheza anazipima, anaziacha nusu chaji, kisha anazilaza kwenye chungu chenye mchanga mkavu, kona ya stoo isiyopata joto. Chungu hicho tulipewa na mama yake, aliyekuwa akiishi Muleba, siku ya harusi. Hakijawahi kuonja maharage.

Mwaka jana kazi ilimpeleka Geita wiki kadhaa. Wakati huo mama mkwe alikuwa amehamia kwetu, na kukaa bure kulikuwa kunamchosha. Nikimkataza kufagia, anatazama begi lake. Nampenda sana mama huyu, na niliogopa asubuhi nitakayolikuta begi hilo mlangoni.

Kila jioni mume wangu alipiga simu, na kabla hajaniuliza nimekula nini, aliuliza betri zinaendeleaje. Mama akasikia. Kwao umeme ukirudi mtu anajaza kila kitu, simu, tochi, redio, maana hujui utakatika saa ngapi. Basi nikiwa kazini Nyamagana, akazitoa betri mchangani, akazichaji mpaka zikajaa, akazipanga kwenye dirisha la chumba chake zipate jua. Kila umeme ulipokatika na kurudi, akaziongezea. Mimi stoo ile siingii, sikujua lolote.

Mume wangu aliporudi, hata viatu hajavua, mama akamletea betri kwenye sinia. Zilikuwa zimevimba kama maandazi. Namjua mume wangu. Shemeji yangu aliwahi kuishika moja tu, akahubiriwa mpaka chai ikapoa.

“Asante, mama,” akasema taratibu. “Zimeshiba.”

Akalitoa sinia nje, akaliweka kwenye udongo mtupu mbali na nyumba. Mama akamfuata.

“Nimelea watoto,” akasema. “Tumbo la shibe nalijua. Hilo ni la ugonjwa. Nimeziua?”

Nilimkonyeza mume wangu akane. Hakukana.

“Umeziua, mama. Lakini sikuwa nimekufundisha.”

Akilini nililiona begi limeshafungwa. Mama akavuta kigoda, akaketi, akataka kujua betri zilikuwa zinataka nini hasa. Mume wangu akamweleza kwamba betri iliyojazwa kisha ikaachwa tu inajiumiza yenyewe, na joto linazidisha. Nusu chaji na ubaridi ndiyo mapumziko yake. Mama akauliza nani atazipima mwanawe akisafiri tena.

“Wewe,” akajibiwa.

Sasa kuna betri mpya, na mwenye chungu ni mama. Kipimo amekifunga kwenye pindo la kitenge, na mimi nikipita karibu na stoo naulizwa natafuta nini. Juzi mume wangu alipiga simu kutoka Geita, akasema nimpe mama. Mimi sikuulizwa nimekula nini, hata baadaye. Nilimpelekea simu chumbani huku nanuna, nikaliona begi lake. Lilikuwa linaning'inia ukutani, tupu, na vitenge vyake vyote vimepangwa kabatini.